Kabla ya Kulipa Ada: Nasaha kwa Vijana wa Chumbageni na Wazazi Wao

Kila mwaka matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yanapotangazwa, aghalabu katika mwezi wa Januari, nyumba nyingi za Chumbageni, hapa Tanga, huingia katika mashauri mazito, maana kijana ambaye jana alikuwa mwanafunzi wa kuamshwa alfajiri amegeuka kuwa mtu wa kutafutiwa njia ya maisha, na baba, mama, mjomba na shangazi, kila mmoja kwa mapenzi yake, ana jina la kozi alilolisikia mahali. Katika majina hayo matatu yamekuwa yakitajwa sana siku hizi, nayo ni upimaji wa ardhi, elimu ya awali ya watoto wadogo, na ukarimu pamoja na uandaaji wa shughuli. Kwa kuwa wazazi kadhaa wamenitaka rai juu ya kozi hizi, na kwa kuwa ada ya chuo ni mali iliyopatikana kwa jasho, nimeona aula niiandike rai hiyo kwa urefu kuliko kuitoa nusunusu barazani.

Neno langu la kwanza ni kwamba kazi zote tatu zilikuwapo katika pwani hii kabla ya chuo chochote kujengwa. Mipaka ya mashamba ilijulikana kwa minazi na miembe, na shahidi wake alikuwa mzee aliyeiona ikipandwa. Mtoto alilelewa na bibi, kisha akapelekwa kwa mwalimu wa Kurani kukaa mkekani na wenziwe. Harusi ziliendeshwa na kungwi, na wapishi wa masufuria makubwa, na majirani walioacha shughuli zao ili kufanikisha ya mwenzao. Chuo hakikuja kuumba kazi hizo, bali kilikuja kuzitia sheria, vipimo na maandishi. Kwa hiyo kijana asichague kozi kwa uzuri wa jina litakaloandikwa katika cheti. Aende kwanza akae na wenye kazi, aitazame siku yao tangu asubuhi hata jioni, ajue ni kazi gani mikono yake itakayofanya kwa miaka thelathini ijayo, ndipo atafute chuo kitakachompa yale ambayo wenye uzoefu peke yao hawawezi kumpa.

Nianze na ardhi, kwa sababu Tanga ni mji uliojengwa juu ya vipimo. Reli iliyoanza kujengwa hapa mwaka 1893, ikafika Mombo mwaka 1905 na kuendelea hata Moshi, haikuweza kupita bila ya mtu kutangulia na vyombo vya kupimia mwinuko na pembe. Na mashamba ya mkonge, ambayo mbegu yake Dakta Richard Hindorf aliileta mwaka huo huo wa 1893, yalikatwa kwa mistari iliyonyooka ambayo mpaka leo huonekana katika ramani za Muheza na Korogwe. Tena wasomaji wapenda fasihi wajue kwamba Shaaban Robert, mwana wa Vibambani, alikuwa karani katika ofisi ya upimaji hapa Tanga kuanzia mwaka 1952 hadi 1960, kwa hiyo yamkini sehemu kubwa ya maandishi ya siku zake za mwisho iliandikwa na mtu ambaye mchana alishinda kati ya ramani na faili za viwanja. Natoa habari hii si kwa fahari tu, bali kumwonyesha kijana kwamba kazi hii ina nasaba katika mji wake.

Mpima ardhi hufanya nini hasa? Huanza katika alama ambayo mahali pake panajulikana kwa hesabu sahihi, akapima pembe na masafa kutoka kituo hadi kituo, kisha akarejea katika alama inayojulikana, ili kosa lolote lililoingia njiani lijidhihirishe lenyewe. Hesabu zisipofungana hurudi porini kupima upya, hata kama jua linachwa. Akishamaliza husimika mawe ya mipaka, ambayo watu wetu huyaita bikoni, akachora ramani, na ramani hiyo haina nguvu ya sheria mpaka iidhinishwe na ofisi ya serikali yenye mamlaka ya upimaji na ramani. Hapo ndipo hatimiliki inapoweza kuandaliwa. Vyombo vimebadilika mno: mnyororo wa chuma umekwenda zake, na sasa kuna chombo cha miguu mitatu kinachopima pembe na masafa kwa mwanga, kuna vyombo vinavyopokea ishara za setilaiti, na kuna ndege ndogo zisizo na rubani zinazopiga picha kutoka angani. Lakini elimu iliyo chini ya vyombo hivyo ni ileile ya pembetatu, ambayo Al-Biruni, aliyeishi kati ya mwaka 973 na 1048, aliitumia kukadiria ukubwa wa dunia kwa kutazama upeo wa macho kutoka juu ya mlima, na ambayo wanazuoni wa falaki waliitumia kutafuta kibla. Kijana anayeikimbia hisabati asidanganyike kwamba chombo kitamfanyia kazi; chombo hutoa tarakimu, na mwenye kujua kama tarakimu hizo ni za kweli au za uongo ni mpima.

Haja ya kazi hii katika mkoa wetu ni dhahiri shahiri. Tarehe 5 Agosti 2017 liliwekwa jiwe la msingi la bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, upande wa kaskazini wa jiji letu, safari ya kilomita 1,443, ambazo kilomita 1,147 zimo ndani ya Tanzania. Kila shamba lililoguswa na njia hiyo lilipaswa kujulikana mwenyewe, kupimwa na kuthaminiwa, na familia nyingi zikatambua kwa mara ya kwanza kwamba kauli ya kwamba hapa ni petu tangu babu haitoshi kumlipa mtu fidia pasipo mpaka unaojulikana. Fauka ya hayo, Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zilizotungwa mwaka 1999 na kuanza kutumika mwaka 2001, zimefungua mlango wa mwanakijiji kupata hatimiliki ya kimila, na mlango huo haupitiki kwa wepesi pasipo mipaka ya kijiji na ya mashamba kupimwa. Kazi ipo Pangani, ipo Mkinga, ipo Handeni, na itakuwapo wajukuu zetu wakiwa hai.

Ama tahadhari yangu ya kwanza ni kwamba fani za ardhi zina majirani wengi wanaofanana majina: mpima ardhi si mthamini, wala si afisa mipango miji, wala si mkadiriaji majenzi ambaye kazi yake ni kukisia gharama za nyumba. Nimewaona wazazi waliolipa ada ya kozi moja wakidhani wamelipia nyingine. Soma orodha ya masomo, mwaka kwa mwaka, usiishie katika jina. Mtu wa astashahada na stashahada hutazama Chuo cha Ardhi Morogoro au Chuo cha Ardhi Tabora, akiuliza kila kimoja kinafundisha tawi gani. Na mwenye sifa za shahada hutazama Chuo Kikuu Ardhi cha Dar es Salaam, kilichopata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka 2007. Ukifika chuoni, au ukimtuma mtu, usiulize kwanza juu ya majengo. Uliza wanafunzi wangapi hutumia chombo kimoja wakati wa mafunzo ya uwandani, kwa sababu penye chombo kimoja na wanafunzi arobaini, ishirini kati yao watahitimu wakiwa hawajakigusa ila kwa siku ya mtihani.

Tahadhari ya pili inahusu tabia. Mpima hukaa kati ya watu wanaogombana, na atatokea mtu mwenye bahasha atakayemwomba asogeze jiwe hatua tatu tu. Sheria ya upimaji huhesabu kuharibu au kuhamisha alama za mipaka kuwa ni kosa la jinai, lakini kabla ya sheria kuna haki ya yatima na mjane ambao hawana wa kuwasemea katika hatua hizo tatu. Kijana asiyeweza kusema hapana kwa mtu mkubwa kuliko yeye, basi kazi hii itamtesa. Na kwa wale wanaodai kwamba porini si mahali pa binti, jibu langu ni kwamba jua, mikoko na miiba ya mkonge haichagui. Binti aliye hodari wa hisabati na anayependa kutembea ana haki ya kozi hii sawa na kaka yake, na baba asimzuie.

Sasa nije kwa watoto wadogo, na hapa nitasema kwa uchungu kidogo. Imezoeleka katika miji yetu kwamba kijana aliyekosa nafasi kwingine kote ndiye anayepelekwa kusomea ualimu wa awali, kana kwamba kumfundisha mtoto wa miaka mitano ni kazi ya waliobaki. Mimi naiona desturi hii kuwa ni dhuluma kwa kijana na kwa mtoto pia. Mtoto wa umri huo hawezi kujieleza, hawezi kushtaki, na yale atakayoyapata kwa mwalimu wake wa kwanza, yawe mapenzi ya elimu au hofu ya fimbo, ataingia nayo darasa la kwanza na kuishi nayo.

Pwani yetu haina sababu ya kujiona nyuma katika jambo hili, kwa sababu mojawapo ya mifano mizuri ya malezi ya watoto wadogo katika Afrika ya Mashariki ilizaliwa hapa jirani, Mombasa. Katika miaka ya 1980 wazee wa Kiislamu wa pwani ya Kenya, walioona watoto wao wakichelewa shuleni, walimwendea Aga Khan kumwomba msaada, na kutokana na ombi hilo kukaanzishwa mpango wa skuli za awali zilizoungana na madrasa, Bi Swafiya Said akiwa miongoni mwa wa mwanzo waliowafunza walimu wake. Mpango huo ukafika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Walimu walikuwa wanawake wa mitaa ileile, wengi wao bila ya elimu kubwa, wakafundishwa kutengeneza zana za kufundishia kwa vifuu, makombe, mbegu na vijiti, na kumfundisha mtoto dini yake, lugha yake na hesabu zake kwa mchezo na nyimbo badala ya kumkalisha kimya. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2008, uliowalinganisha watoto hao na wengine wasiopitia skuli hizo, uliwakuta wametangulia katika ukuaji wa akili. Ithibati hiyo yatosha kuonyesha kwamba mtoto wa Kiislamu wa pwani hahitaji kuchaguliwa kati ya chuo cha Kurani na darasa la awali, maadamu mwalimu amefunzwa.

Kadhalika yapo mapokeo ya Maria Montessori, daktari wa Kitaliano aliyefungua nyumba yake ya kwanza ya watoto mjini Rome mwaka 1907 katika mtaa wa maskini, na ambaye njia yake ya kumwachia mtoto ajifunze kwa mikono yake mwenyewe imekita mizizi mpaka Lushoto, ambako walimu wa awali hufunzwa kwa utaratibu huo. Binti wa Chumbageni, basi, halazimiki kwenda mbali na mkoa wake kuitafuta elimu hii. Na Korogwe kipo chuo cha ualimu kinachojulikana kwa miaka mingi, ambako ni vema kuuliza juu ya nafasi za elimu ya awali.

Kuna jambo moja la sheria ambalo mwombaji wa kozi hii lazima alielewe, maana kutolielewa kumewapotezea wengi muda. Darasa la awali lililomo ndani ya shule ya msingi ni sehemu ya mfumo wa elimu. Liliingizwa rasmi na Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995, na sera ya mwaka 2014 ikalifanya kuwa la lazima. Lakini kituo cha kulelea watoto mchana, kile ambacho mama huacha mtoto asubuhi akienda sokoni au ofisini, kiko chini ya Ustawi wa Jamii na hufuata Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Njia hizi mbili zina masharti mbalimbali. Uliza chuo bila ya haya: cheti chenu kitaniruhusu kufundisha katika shule ya serikali, au kitanitosha kwa kituo cha malezi peke yake? Kinachojibu kwa kuzungukazunguka, kiache.

Na ili kijana ajipime nafsi yake, aombe ruhusa kwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi iliyo karibu akasaidie katika darasa la awali kwa wiki mbili, pasipo malipo. Kanuni inataka mwalimu mmoja kwa watoto 25, lakini atakuta pengine idadi iliyozidi hapo kwa mbali. Ataosha mikono ya watoto, atafuta makamasi, atapiga magoti mkekani, atasimulia hadithi ya sungura ileile mara tano, na pengine atamgundua mtoto anayesemwa kuwa mtukutu kumbe hasikii vizuri. Akirudi nyumbani amechoka lakini akitamani kesho ifike, basi huyo amepata wito wake, na mzazi amsomeshe kwa moyo mkunjufu. Akirudi na hasira, amshukuru Mungu kwa wiki mbili zilizomwokoa miaka miwili.

Juu ya shughuli, nani wa Tanga atahitaji kuelezwa? Mji huu uliolea vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star haujasahau namna ya kumtoa bibi harusi. Lakini watu wamebadilika: majirani hawana tena nafasi ya kukesha wakipika, kamati hukusanya michango kwa simu, na sendofu, kicheni pati na harusi yenyewe hukabidhiwa kwa mtu wa kulipwa anayesimamia ukumbi, turubai, viti, mapambo, chakula na mshereheshaji. Hiyo ni kazi kamili, na wapo wanaoiendesha kwa ustadi bila ya kukanyaga chuo. Mara nyingi wasichokuwa nacho ni hesabu na mkataba. Hukubali kwa mdomo kulisha watu mia nne, wakaja mia sita, na hasara ikawa yao. Hupokea malipo ya awali ya shughuli ya leo wakayalipia madeni ya shughuli ya jana. Chuo kizuri humfundisha mtu kukadiria gharama, kuandika masharti, kusimamia wahudumu, na kulinda afya ya wageni. Hili la mwisho si dogo katika joto la pwani: pilau iliyopikwa alfajiri na kuliwa magharibi, ikakaa muda wote huo katika uvuguvugu ulio kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60 za sentigredi, yaweza kuwalaza watu ukumbi mzima, na mwenye kujua hilo hupanga mapishi yake kwa saa.

Ushauri wangu kwa anayeipenda kazi hii ni kwamba asisome uandaaji wa shughuli peke yake, kozi ya miezi michache yenye cheti cha rangi nyingi, bali asome ukarimu wote, yaani jiko, huduma ya meza, malazi na hesabu, kisha uandaaji uwe tawi lake. Sababu ni ya kalenda. Harusi hujaa katika Shaabani na baada ya Idi, lakini mwezi mzima wa Ramadhani husimama, na asiyejua ila kupamba kumbi atakaa bila ya riziki. Aliyesoma ukarimu anaweza kuajiriwa katika hoteli za Raskazone, au katika hoteli za ufukweni Pangani, au kuandaa futari za makampuni, au kuhudumia mikutano na semina, ambazo hazina msimu wa mapambo wala zafe. Kwa elimu hiyo kuna Chuo cha Taifa cha Utalii, kuna chuo cha hoteli na utalii cha VETA kilichoko Njiro, Arusha, na ng'ambo ya bahari Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar hufundisha utalii Maruhubi. Na wenye uwezo wa kuvuka mpaka wanaijua Utalii ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1975.

Yaliyobaki ni ya fedha na makaratasi. Chuo cha kati au cha ufundi kisiaminiwe kwa tangazo lake; usajili wake na ithibati ya kozi yenyewe hutazamwa kwa NACTVET, ambayo hutoa kitabu cha mwongozo wa udahili, na vyuo vikuu hutazamwa kwa TCU. Angalia kozi, si chuo peke yake, kwa sababu chuo chaweza kuwa kimesajiliwa ilhali kozi unayotaka haijaruhusiwa. Ngazi za masomo katika vyuo vya kati, ziitwazo NTA, huanzia ya 4, ambayo ni astashahada ya awali, ikifuatiwa na ya 5, na ya 6 ndiyo stashahada. Kwa kawaida mhitimu wa kidato cha nne hutakiwa kuwa na ufaulu wa alama D katika masomo yasiyopungua manne, mbali na masomo ya dini, na kwa upimaji hutazamwa zaidi hisabati. Ukiuliza ada, uliza pia yale yasiyotajwa: mitihani, bweni, sare, vifaa, na gharama za mafunzo kwa vitendo. Tangu mwaka wa masomo 2023/2024 Bodi ya Mikopo imeanza kuwakopesha wanafunzi wa stashahada katika fani zilizoteuliwa. Basi soma mwongozo wa mwaka wako ujue kama fani yako imo, usitegemee habari za mwaka jana. Risiti zote ziwekwe, na fedha ziingizwe katika akaunti ya chuo, zisipitie mkononi mwa wakala yeyote hata awe ndugu wa damu.

Wazazi wenzangu, ofisi ya ardhi imo mjini humu, madarasa ya awali yamo katika mitaa yetu, na shughuli hazikosekani Jumamosi yoyote isiyo ya Ramadhani. Mpelekeni kijana akaone kazi hizo kwa macho yake wiki hii, kabla hamjalipa hata shilingi ya fomu, na mumwache aseme mwenyewe ipi anaitaka.